Dubu dume hamtambui mwanawe, ila huenda anamkumbuka mama wa mtoto

Dubu dume huua watoto wa dubu. Kuna maeneo ambako hicho ndicho chanzo kikubwa zaidi cha vifo vya watoto walio chini ya mwaka mmoja. Swali linalofuata kila mara ni kama huua hata wa kwake, na jibu ni kwamba hilo ni nadra mno: katika matukio ya Skandinavia ambayo muuaji alitambuliwa kwa vinasaba, hakuna baba aliyekutwa ameua watoto wake. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba baba anamjua mwanawe. Hapo ndipo wanapopotea njia. Ushahidi unaelekea kwingine: dume hana habari na mtoto, anachoweza kukumbuka ni jike aliyempanda msimu uliopita. Mama ndiye anayewajua watoto wake, lakini hata yeye hujifunza kuwajua, na kila anapozaa kuna wiki kadhaa ambazo ukimwekea mtoto wa jike mwingine atamnyonyesha bila kusita.

Nitakaa zaidi kwa dubu wa kahawia, kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa kwa kina kuliko wote, hasa na mradi wa utafiti wa Skandinavia ulioanza Uswidi mwaka 1984. Dubu mweusi wa Marekani na dubu wa barafuni nitawaleta pale wanapoachana naye.

Hesabu ya dume

Ukitaka kuelewa mauaji haya, anza na kalenda. Skandinavia msimu wa kupandana huanza katikati ya Mei na kwisha mwanzoni mwa Julai. Yai likisharutubishwa hukua kidogo kisha husimama. Hukaa ndani ya mji wa mimba miezi kadhaa bila kujishikiza, hadi Novemba au Desemba, wakati jike amekwisha kuingia pangoni. Watoto huzaliwa Januari au Februari, vipofu, kila mmoja akiwa na uzito wa nusu kilo au pungufu, nao hutoka nje na mama yao Aprili au Mei. Ukitazama tarehe hizo utaona ubaya wake: watoto wanaonja mwanga wa jua wiki chache tu kabla madume hawajaanza kuzunguka wakitafuta majike.

Jike anayenyonyesha hapati joto, yaani hawi tayari kupandwa. Skandinavia mama hukaa na watoto mwaka mmoja na nusu, wengine miwili na nusu. Alaska kukaa miaka miwili na nusu au hata mitatu na nusu ni jambo la kawaida. Kwa hiyo jike mwenye watoto wachanga, kwa dume anayepita, ni jike asiyepatikana msimu huu, na pengine hata ujao. Watoto wote wakifa mwezi Mei au Juni mambo hubadilika upesi. Kunyonyesha kunakoma, homoni zinageuka, na ndani ya siku chache, kwa kawaida si zaidi ya wiki, jike yuko kwenye joto. Wengi wa majike waliopoteza watoto katika msimu wa kupandana huzaa tena majira ya baridi yaleyale yanayofuata.

Neno la kuzingatia hapo ni “wote”. Dume akiua mtoto mmoja kati ya watatu hajapata kitu, maana mama anaendelea kuwanyonyesha wawili waliobaki. Ndiyo sababu vifo vya aina hii mara nyingi hufagia mzao mzima, tofauti na vifo vya njaa au ugonjwa, ambavyo aghalabu huanza na mtoto aliye dhaifu na kuwaacha wengine.

Wazo kwamba dume huua watoto ili apate nafasi ya kuzaa na mama yao lilipata nguvu miaka ya 1970, Sarah Blaffer Hrdy alipowachunguza nyani aina ya langur huko Mlima Abu, India. Baadaye likatumika kueleza mwenendo wa simba. Kwa dubu lina ugumu wake. Simba dume wapya wanapotwaa kundi wanaua wakijua, kwa namna ya kusema, kwamba hakuna mtoto wao humo ndani, kwani wamefika jana. Dubu hana kundi wala siku ya mapinduzi. Anaishi peke yake, anapitia eneo ambalo katika Skandinavia hufikia takriban kilomita za mraba 800 hadi 1,000, na ndani yake wamo majike aliowapanda mwaka jana na wengine ambao hakuwahi kuwagusa. Anapokutana na mama na watoto wake msituni, hana kundi la kumwambia ni wa nani.

Baba anajua nini?

Ili maelezo hayo yasimame, mambo matatu lazima yathibitike: watoto waliouawa si wa muuaji, kifo chao kinamrudisha mama kwenye joto mapema, na muuaji ana nafasi nzuri ya kuwa baba wa mzao unaofuata. Kwa dubu wa kahawia wa Uswidi yote matatu yana ushahidi. Eva Bellemain na wenzake walilinganisha vinasaba vya watoto waliouawa, mama zao na madume wa eneo, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Wauaji hawakuwa baba wa watoto waliowaua, na baadhi yao ndio waliozaa mzao uliofuata.

Jambo jingine katika matokeo hayo ninaliona muhimu zaidi ya yote, ingawa husahaulika: wauaji hawakuwa madume wageni peke yao. Walikuwemo wenyeji, waliokaa eneo lilelile na kukutana na majike walewale. Kwa hiyo ile picha ya “jambazi kutoka mbali” haitoshi. Dume mwenyeji naye huua, ila huua watoto wa jike ambaye hakuzaa naye.

Anatofautishaje? Angeweza kunusa mtoto na kulinganisha harufu yake na ya kwake mwenyewe. Kuna wanyama wadogo, wakiwemo kuchakuro fulani, wanaotambua ndugu kwa namna hiyo. Kwa dubu hatuhitaji kufika huko, kwa sababu kanuni nyepesi zaidi inatoa matokeo yaleyale: usiwaguse watoto wa jike uliyempanda mwaka jana. Dume na jike walio kwenye joto hukaa pamoja kuanzia saa chache hadi kama wiki mbili, wakinusana na kupandana mara nyingi. Mnyama ambaye pua yake ndiyo ramani yake ana nafasi ya kutosha kuijua harufu ya jike huyo na kuikumbuka miezi kumi na moja baadaye.

Kanuni hiyo ina tundu, na majike wanalitumia. Dume aliyempanda jike lakini mbegu zake zikashindwa, naye atawaacha watoto salama, kwa sababu anachokumbuka ni tendo, hajui matokeo. Jike akipandwa na madume watatu amejinunulia amani kwa watatu, hata kama baba ni mmoja tu. Tena si lazima awe mmoja. Katika takwimu za Bellemain, mizao yenye watoto wawili au zaidi ilikuwa na baba zaidi ya mmoja kwa asilimia 14.5, na ile yenye watatu au zaidi kwa asilimia 28. Yai la dubu jike huchochewa kutoka na tendo lenyewe la kupandwa, jambo linalorahisisha watoto wa mimba moja kuwa na baba tofauti. Wanaosema jike wa dubu hana uaminifu wanachekesha kidogo. Anachofanya ni kuwakatia watoto bima kabla hawajazaliwa.

Mama anavyojikinga

Watoto wakishatoka pangoni, kinga ya kwanza ya mama ni kutokutana na dume kabisa. Katika msimu wa kupandana jike mwenye watoto wachanga hubana eneo lake hadi takriban kilomita za mraba 130, wakati jike aliye kwenye joto hulipanua mara mbili ya hapo. Hukwepa mahali ambapo madume wanapenda kula, na kwa hiyo hula chakula hafifu zaidi kuliko majike wasio na watoto. Sam Steyaert na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2013 kwa kuchambua kinyesi. Msimu ukiisha tofauti hiyo inapungua, nayo ni dalili nzuri kwamba kilichomfukuza mama kwenye malisho bora ni madume.

Mwaka 2016 kundi hilohilo lilitoa matokeo yaliyowashangaza watu: mama ambao watoto wao walinusurika walikuwa wakikaa karibu zaidi na makazi ya binadamu wakati wa msimu wa kupandana, kuliko mama waliopoteza watoto. Madume wakubwa huogopa watu. Mama anachagua hofu ndogo ili aikwepe kubwa. Kwa mtu anayeishi karibu na msitu wa dubu maana yake ni hii: ukimwona mama na watoto karibu na nyumba mwezi Juni, usikimbilie kusema ameharibika tabia au amezoea takataka. Huenda yuko hapo kwa sababu dume yuko kule. Kumfukuza kwa kelele na mbwa ndani ya wiki hizo ni kumsukuma alikokimbia. Takataka funga, mbwa mfungie ndani, naye mwache apite.

Kinga ya pili ni miti. Watoto hupanda vizuri, na dume wa kahawia mwenye kilo mia mbili na zaidi hapandi kirahisi. Ya tatu ni mapigano, na mama hupigana kikweli, ingawa dume anaweza kuwa na uzito maradufu ya wake. Wapo wanaouawa wakitetea watoto. Juni 2022, katika milima ya Palencia kaskazini mwa Uhispania, watu walipiga picha za video jike na dume wakipambana ukingoni mwa jabali hadi wote wawili wakaporomoka. Dume alikufa. Jike, ingawa aliumia, aliingia pangoni na mtoto wake.

Mama akishindwa, hachukui muda kuomboleza kama tunavyotarajia. Baada ya siku chache atapandwa, na anayempanda anaweza kuwa yuleyule muuaji. Wasomaji wengi huchukia sehemu hii, lakini tazama hali yake: watoto hawarudi, msimu ni mfupi, na dume aliyeshinda pambano ndiye aliye karibu.

Ubishi wa uwindaji

Mwaka 1997 Jon Swenson na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba kuwinda madume wazima nchini Uswidi kuliwapunguzia watoto nafasi ya kuishi, na athari hiyo ilionekana hadi mwaka mmoja na nusu baadaye. Maelezo yao yanafuata kanuni ileile ya kumbukumbu. Dume mwenyeji akiuawa vuli, majirani zake hupanuka na kuingia eneo lake. Hawajawahi kuwapanda majike wa hapo. Masika yakija, kila mtoto wanayemkuta ni wa mtu mwingine. Walikadiria kwamba kuua dume mmoja mzima kulipunguza ongezeko la dubu kiasi sawa na kuua jike nusu hadi mmoja.

Matokeo hayo yamenukuliwa kila mahali kana kwamba ni sheria ya dubu wote. Siyo. Mwaka 2003 Sterling Miller na wenzake walilinganisha maeneo ya Alaska wakakuta kwamba watoto walikufa zaidi katika hifadhi za Katmai na Denali, ambako dubu hawawindwi, kuliko katika maeneo yanayowindwa. Bruce McLellan naye, mwaka 2005, hakuona kwa grizzly, dubu wa kahawia wa Amerika Kaskazini, kile kilichoonekana Uswidi. Mimi naona pande zote mbili zilipima sawasawa, ila zilipima hali mbili tofauti. Katmai dubu wamejaa hadi ukingoni mwa kile ardhi inachoweza kulisha, na msongamano wenyewe unaua: mama hawezi kumkwepa dume kwenye mto ambao dubu wote wa eneo wanakuja kuvua samaki. Uswidi dubu walikuwa bado wanaongezeka, chakula kipo, na kilichobadilika mwaka hadi mwaka ni nani aliye hai kati ya madume. Anayepanga idadi ya dubu wa kuwindwa anapaswa kuuliza kwanza yuko katika hali ipi kati ya hizo, kabla ya kunukuu utafiti wowote.

Uwindaji umeleta badiliko jingine ambalo halikupangwa. Sheria ya Uswidi inakataza kumpiga dubu aliye na watoto. Joanie Van de Walle na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba mama wanaowaweka watoto miaka miwili na nusu badala ya mwaka mmoja na nusu wameongezeka. Mtoto kuwa pembeni ni ngao dhidi ya risasi, kwa hiyo anayechelewa kuachana na watoto anaishi zaidi.

Kusoma mzoga

Si kila mtoto aliyeuawa na dume ameuawa kwa sababu hiyo. Anayetaka kujua chanzo lazima aanze na tarehe, maana mauaji ya kutafuta jike yana maana katika msimu wa kupandana tu. Kwa kawaida watafiti huhesabu watoto mara tatu kwa mwaka: mara tu wanapotoka pangoni, baada ya msimu wa kupandana, na kabla ya kurudi pangoni. Hesabu tatu hukuambia watoto walipotea katika kipindi gani, lakini hazikuambii siku. Siku unaipata kwenye kola ya GPS ya mama, mkanda wa shingoni unaorekodi mahali alipo. Mama wa watoto wachanga hutembea kidogo na polepole. Ghafla ukiona mbio ndefu, kisha kurudi mahali pamoja, kisha mwendo mrefu wa kila siku kama wa jike aliye kwenye joto, nenda katazame mahali pa mbio.

Ukifika usianze kugeuza mzoga. Kabla ya mkono wowote kugusa, chukua pamba ya kuchukulia sampuli, ilowanishe kidogo kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoozwa yakiwa yamefunikwa, uizungushe ukingoni mwa matundu ya meno, ambako mate hukauka. Iache ikauke, uiweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na unyevu huleta ukungu na bakteria wanaokula DNA uliyoifuata. Nywele zilizonasa kwenye gome la mti au kwenye kucha za mtoto zichukue na mashina yake, kwa kuwa DNA ya kutosha iko kwenye shina. Mvua moja kubwa inaweza kuharibu kazi yote. Hali kadhalika mbweha na kunguru wakubwa wanaofika baada ya muuaji.

Baada ya hapo chuna ngozi ya kichwa na shingo. Matundu ya chonge huja mawilimawili, na umbali kati yake unakupa wazo la ukubwa wa mdomo. Ukiona damu imevilia kwenye nyama kuzunguka matundu, mtoto alikuwa hai alipoumwa. Nyama ikiwa na matundu lakini haina damu iliyovilia, aliumwa akiwa amekwisha kufa, na hapo muuaji wako amegeuka kuwa mlaji wa mizoga. Kosa la kawaida ni kuona mzoga umeliwa na kuandika kwamba sababu ilikuwa njaa. Dubu aliyeua kwa ajili ya jike anaweza kula alichoua pia. Kuliwa hakuthibitishi njaa, na kutoliwa hakuifuti.

Mwisho, vinasaba vya muuaji peke yake havisaidii kitu. Unahitaji vya mtoto, vya mama na vya madume wa eneo, ili ujue baba ni nani ndipo useme kwamba muuaji si baba.

Kwa kipimo hicho cha tarehe, matukio mengi ya dubu wa barafuni hayaingii katika kundi la mauaji ya kutafuta jike. Wao hupandana kati ya Machi na Juni, lakini madume wamerekodiwa wakiua na kula watoto huko Svalbard, visiwa vya Norwe, wakati wa kiangazi na vuli, watoto wengine wakiwa wamekwisha kukua. Wakati huo hakuna jike wa kupatikana kwa kuua. Hapo naamini ni chakula. Vivyo hivyo, mwishoni mwa Julai 2024, kwenye maporomoko ya Brooks ndani ya Katmai, watoto wa jike nambari 128 walisombwa na maji hadi chini kwa dume nambari 32, akawashambulia. Mama alimvamia, lakini mmoja wa watoto alikufa kwa majeraha. Watazamaji wengi walilieleza tukio lile kwa hoja ya kutafuta jike. Tarehe haikubali vizuri. Msimu ulikuwa umepita, na dume alikuwa akilinda mahali pake pa kuvulia.

Mama anapoua

Mama huua wa kwake pia, na tunalijua hilo hasa kutoka kwenye bustani za wanyama. Januari 2008 huko Nürnberg, Ujerumani, dubu wa barafuni aitwaye Vilma alidhaniwa amewala watoto wake wawili; jirani yake Vera alianza kumbeba mtoto wake huku na huko kwa wasiwasi, na walezi wakaamua kumchukua mtoto huyo walee wenyewe. Desemba 2013, katika bustani ya taifa ya wanyama mjini Washington, dubu wa India aitwaye Khali alizaa watatu, akamla wa kwanza dakika chache baada ya kumzaa na wa pili wiki moja baadaye, ndipo wa tatu akaondolewa.

Hii haihusiani na kutomtambua mtoto. Mama anayekula mtoto aliyekufa au anayekufa anarudisha mwilini kidogo cha nguvu alizotumia, na anaondoa harufu ya mzoga mahali anapolala. Kumbuka kwamba amezaa akiwa amefunga kula miezi. Lakini sehemu kubwa ya vifo vya bustanini hutokana na watu kumsumbua. Porini mama huzaa gizani, kimya, bila dume wala dubu mwingine karibu. Kwa hiyo dume aondolewe kabisa mapema, si kuhamishiwa chumba cha pili ambako harufu na sauti yake vinafika. Pango liwe dogo na lenye giza, na mama apewe mapango mawili aliyoyazoea wiki kadhaa kabla ili achague. Kamera na maikrofoni vifungwe kabla hajaingia, asisumbuliwe baadaye na fundi. Mlezi akae nje. Watoto wanaonyonya vizuri hutoa mngurumo laini unaoendelea kama wa mzinga wa nyuki, na ukiusikia kwenye maikrofoni huna sababu ya kufungua mlango. Wasiwasi uanze pale kilio kikali kinapoendelea muda mrefu bila mngurumo huo kurudi. Makosa mengi huanza na mtu aliyetaka “kuhakikisha tu”.

Mtoto wa kupachikwa

Ushahidi bora wa jinsi mama anavyomtambua mwanawe haukutoka maabara. Ulitoka kwa watu waliokuwa na watoto yatima wa dubu mweusi mikononi na kutafuta pa kuwapeleka. Gary Alt wa Pennsylvania na John Beecham wa Idaho waliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1984, na mbinu zao bado ndizo msingi.

Njia nyepesi ni kumpachika yatima mama akiwa bado pangoni. Chagua jike mwenye kola ya redio, ili pango lake lijulikane, na mwenye watoto wachache. Dubu mweusi ana chuchu sita, lakini watoto watano wanamlemea. Yatima awe na ukubwa unaokaribiana na wa watoto wa mama huyo, la sivyo atasukumwa mbali na chuchu. Mbebe ndani ya koti, mwilini, kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kutunza joto lake. Sogea pole, mweke mlangoni, umwache alie. Kilio ndicho kinachofanya kazi: mama hutoa kichwa, humvuta ndani, na mambo yamekwisha. Ondoka kwa njia uliyojia, kisha fuatilia kola siku zinazofuata, maana hatari kubwa hapa ni mama kulikimbia pango kwa kusumbuliwa na kuwaacha wote, wa kwake na wa kuja.

Kwa nini anakubali kirahisi hivyo? Kwa sababu porini haiwezekani mtoto wa jike mwingine akajikuta ndani ya pango lake. Kinacholia humo ni chake. Hakuna faida yoyote katika kuchunguza.

Akishatoka pangoni na kutembea na watoto, mambo hugeuka. Sasa kukutana na watoto wa wengine kunawezekana, na mama ameshika harufu ya kila mmoja wa wake. Yatima anayewekwa mbele yake wazi anaweza kuumwa hadi kufa. Hapo Alt alitumia marhamu ya mentholi, akimpaka mama puani akiwa amepigwa dawa ya usingizi, ili kwa muda harufu zote ziwe moja. Zinaporudi kutofautiana, mtoto mgeni amekwisha kulala na wenzake na kunuka kama wao. Njia nyingine ni kumpandisha yatima kwenye mti ambao watoto wa mama huyo wamekimbilia, wakashuka pamoja. Kuanzia takriban miezi sita hakuna haja ya mama mlezi kabisa: dubu mweusi wa umri huo anaweza kujilisha mwenyewe akiachiliwa penye chakula.

Porini mama hukosea pia, au hukubali kwa hiari, hatuwezi kumuuliza. Katika nasaba ya dubu wa barafuni wa magharibi ya Ghuba ya Hudson, Kanada, yenye dubu zaidi ya elfu nne, iliyochapishwa na René Malenfant na wenzake mwaka 2016, vinasaba vilifichua watoto sita waliolelewa na majike wasiowazaa. Huko Katmai, mwaka 2014, jike nambari 435 aliyekuwa na mtoto wake mchanga alimchukua mtoto wa mwaka mmoja aliyeachwa na jike nambari 402, akamlea. Mtoto wa mwaka mmoja si kichanga cha kuchanganywa gizani. Jike huyo alijua fika kwamba hakumzaa.

Familia ikishavunjika, mabinti wengi huweka makazi karibu na mama yao, na majike walio ndugu hupishana maeneo zaidi kuliko wasio ndugu. Watoto wa kiume karibu wote huhama mbali, kwa hiyo mama na mwana mzima hawakutani mara nyingi hata iwe lazima watambuane. Baba ndiye anayebaki jirani na binti aliyemzaa, na vinasaba vya Skandinavia vimeonyesha mara kadhaa kwamba binti akipata joto, baba humpanda kama anavyompanda jike mwingine yeyote.